Kompyuta ya Mtihani: Jinsi Vibonye na Madirisha Vinavyodhibitiwa

Karatasi ya mtihani ina sifa moja ambayo ni nadra kutajwa: haina mlango. Mtahiniwa aliyepewa karatasi ya maswali hawezi kuigeuza ikawa kamusi, wala ramani, wala barua kutoka kwa rafiki aliye nje ya ukumbi. Kompyuta sivyo ilivyo. Chombo hiki kimeundwa makusudi ili mtu mmoja ashike kazi nyingi kwa wakati mmoja, naye ahame kutoka kazi hii hadi ile kwa kubonya vibonye viwili tu. Basi shule au chuo kinapoamua kutahini kwa kompyuta, hukabiliwa na jambo la kinyume: chombo chenye milango mingi sharti kigeuzwe, kwa muda wa saa mbili au tatu, kiwe kama karatasi.

Haja hiyo haiko katika ukumbi wa mtihani peke yake. Kompyuta ya katalogi katika maktaba na mashine ya kukatia tiketi katika stesheni ya treni aghalabu ni kompyuta za kawaida zilizofungiwa programu moja. Lakini mtihani una uzito wa pekee, kwa kuwa kosa la fundi humwumiza mtu asiye na hatia. Kizuizi kikilegea, mtahiniwa mwaminifu hushindana na mdanganyifu. Kikikazwa ovyo, mwaminifu huyo huyo hupoteza majibu yake, au hushindwa hata kuandika.

Miongoni mwa programu zilizotungwa kwa kazi hii, iliyo mashuhuri ni Safe Exam Browser, ambayo chimbuko lake ni chuo kikuu cha ETH Zürich nchini Uswisi kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Giessen cha Ujerumani, nayo hutolewa bure. Maelezo yafuatayo yanahusu hasa kompyuta zinazotumia mfumo wa Windows, ambazo ndizo zinazokutwa zaidi katika maabara za shule.

Safari ya kibonye

Watu wengi hudhani kwamba mtu akibonya kibonye cha A, herufi A husafiri katika waya hadi kwenye kompyuta. Sivyo. Kibodi haijui herufi; inajua namba za mahali tu. Katika kompyuta ya IBM iliyotolewa mwaka 1981, kibonye cha A kilipobonywa kibodi ilipeleka namba 30, na kilipoachiliwa ilipeleka 158, yaani 30 na kujumlisha 128. Kibonye cha Ctrl kilikuwa namba 29, cha Alt namba 56, na cha Del namba 83, ambacho ndicho kilichokuwa cha mwisho, kwa maana kibodi hiyo ilikuwa na vibonye 83. Kibodi za siku hizi zinazounganishwa kwa waya wa USB hutumia hesabu nyingine kabisa, ambayo ndani yake A ni 4, lakini Windows huzigeuza namba hizo mpya ziwe zile za zamani kabla ya kuendelea. Hivyo uamuzi uliofanywa na mafundi zaidi ya miaka 40 iliyopita ungali hai ndani ya mashine mpya kabisa.

Jambo la kutiliwa maanani hapa ni kwamba kubonya na kuachilia ni habari mbili tofauti. Kompyuta haipokei kitu kiitwacho “Alt pamoja na Tab”. Inapokea mfululizo: Alt imeshuka, Tab imeshuka, Tab imeinuka, Alt imeinuka. Ni juu ya programu iliyo mbele kukumbuka kwamba Alt ilikuwa bado chini Tab ilipofika. Mchanganyo wa vibonye, kwa maneno mengine, hauko katika kibodi. Uko katika kumbukumbu ya yule anayesikiliza.

Namba ikishaingia, hupokewa kwanza na programu ndogo ya kiini cha mfumo inayoendesha kibodi. Kutoka hapo huwekwa katika foleni moja ya mfumo mzima. Kisha mfumo huuliza: ni dirisha lipi lenye zamu ya kusikiliza kwa sasa? Habari huhamishiwa katika foleni ya dirisha hilo, na mwisho programu yenye dirisha huitoa na kuitafsiri. Kila kituo katika safari hii ni mahali ambapo kibonye kinaweza kukamatwa, na kila kituo kina faida na hasara zake.

Kuzuia mlangoni

Kituo cha mwanzo kabisa ni kile cha programu inayoendesha kibodi. Tangu Windows 2000, msimamizi anaweza kuandika katika rejista ya mfumo jedwali linalosema: namba hii ikiingia, ichukuliwe kuwa namba nyingine, au ichukuliwe kuwa si kitu. Kwa njia hiyo kibonye chenye alama ya Windows kinaweza kufishwa kabisa, na pamoja nacho hufa michanganyo yote inayokitegemea.

Njia hii ni imara, kwa sababu hakuna programu ya mtumiaji inayohitaji kukesha ikiangalia. Walakini ni butu. Jedwali haliwezi kutofautisha kibonye kilichobonywa peke yake na kile kilichobonywa pamoja na kingine. Ukitaka kuzuia Alt pamoja na Tab kwa jedwali, itakupasa kuiua Tab yenyewe, na mtahiniwa anayehamia kutoka kisanduku cha jibu moja hadi kingine kwa Tab ataiona imekufa. Tena jedwali humhusu kila anayeitumia kompyuta hiyo, naye hataliona likifanya kazi, wala likiondoka, mpaka mashine izimwe na kuwashwa upya. Kwa maabara ambayo asubuhi ni ya mtihani na alasiri ni ya somo la kawaida, hii ni adha.

Ndoano

Kwa hiyo programu nyingi za mtihani huchagua kituo cha katikati. Windows huiruhusu programu kuomba ionyeshwe kila kibonye kabla hakijawekwa katika foleni ya dirisha. Mafundi huuita mtego huu ndoano. Programu yenye ndoano hupewa namba ya kibonye, huambiwa kama kinashuka au kinainuka na kama Alt iko chini, kisha hujibu mojawapo ya mambo mawili: pitisha au meza. Ikimeza, dirisha halitajua kamwe kwamba kibonye kilibonywa. Hapa ndipo ubutu wa jedwali unapoondoka, kwa kuwa programu inaweza kuamua kwamba Tab peke yake ipite, bali Tab inayokuja wakati Alt iko chini imezwe. Vivyo hivyo F4 ikiandamana na Alt, mchanganyo unaofunga dirisha, na Esc ikiandamana na Ctrl, unaofungua orodha ya programu.

Lakini ndoano ina udhaifu ambao mwalimu hana budi kuufahamu, maana unaonekana hasa katika kompyuta kongwe zilizolemewa na kazi. Kila kibonye kinachobonywa sharti kisubiri jibu la ndoano kabla hakijaendelea. Programu yenye ndoano ikikwama, kibodi ya kompyuta nzima hukwama nayo. Ili kuepusha balaa hilo, mfumo umeweka ukomo wa muda. Katika matoleo ya Windows 10 kuanzia mwishoni mwa mwaka 2017 ukomo huo hauwezi kupita milisekunde 1,000, yaani sekunde moja. Tangu Windows 7, ndoano inayochelewa huweza kuondolewa kimyakimya, na programu iliyoiweka haiarifiwi. Programu ya mtihani inaweza basi kuendelea kuonyesha maswali kana kwamba imelinda kila kitu, ilhali mlinzi wake amekwisha fukuzwa langoni. Programu iliyotungwa kwa uangalifu haitegemei ndoano peke yake.

Michanganyo miwili haimezwi na ndoano hata ikiwa na afya njema. Mmoja ni kibonye cha Windows pamoja na L, unaofunga kompyuta mpaka nywila itolewe. Wa pili ni mashuhuri zaidi, na historia yake yastahili kusimuliwa.

Vibonye vitatu vya David Bradley

David Bradley alikuwa mmoja wa wahandisi wa kundi dogo la IBM lililoiunda kompyuta ya mwaka 1981 huko Boca Raton, katika jimbo la Florida nchini Marekani. Wakati wa kuijaribu mashine, ilikwama mara kwa mara, na kila mara iliwabidi mafundi kuizima na kuiwasha na kungoja ijikague upya. Bradley akaweka njia ya mkato ya kuianzisha upya kwa vibonye. Hapo kwanza alichagua Ctrl, Alt na Esc, vyote vikiwa upande wa kushoto. Ikaonekana kwamba mkono mmoja ungeweza kuvigusa kwa bahati mbaya na kupoteza kazi yote. Ndipo Esc ikabadilishwa ikawa Del, iliyo upande wa pili wa kibodi, ili mtu asiweze kuvibonya vyote vitatu ila kwa mikono miwili na kwa kukusudia.

Mwaka 1993 kampuni ya Microsoft ilipotoa Windows NT, vibonye hivyo vitatu vilipewa kazi nyingine kabisa. Tatizo lililokuwapo lilikuwa la udanganyifu: mtu mwovu angeweza kuandika programu inayochora skrini iliyofanana kwa kila hali na ile ya kuingilia, akaiacha katika kompyuta ya watu wote, na kukusanya nywila za wanaofuata. Mtumiaji angewezaje kujua kwamba skrini aliyo mbele yake ni ya mfumo na si ya mwizi? Jibu lilikuwa kuchagua mchanganyo mmoja ambao programu yoyote ya kawaida haiwezi kuunasa. Mtumiaji akibonya Ctrl, Alt na Del, habari huenda moja kwa moja kwenye sehemu ya mfumo inayosimamia kuingia na kutoka, na skrini inayotokea ni ya mfumo wenyewe. Skrini ya bandia haiwezi kuuiga ukweli huo. Mwaka 2013 Bill Gates alikiri hadharani kwamba kibonye kimoja kingefaa zaidi, ila IBM haikutaka kukiongeza katika kibodi yake.

Mlango usiofungika, basi, haukusahauliwa na mtu; ni kinga. Mtungaji wa programu ya mtihani angependa kuufunga, lakini mfumo ukimruhusu yeye, umemruhusu na mwizi wa nywila. Linalowezekana ni kuacha mlango wazi na kuondoa vitu vilivyo nyuma yake. Msimamizi anaweza kuagiza kwamba skrini inayotokea isiwe na kitufe cha programu ya kusimamia kazi, wala cha kubadili mtumiaji, wala cha kufunga kompyuta, wala cha kutoka. Safe Exam Browser hufanya hivyo kwa kutumia programu saidizi yenye mamlaka ya msimamizi. Mtahiniwa akibonya vibonye vitatu huona skrini iliyo karibu tupu, na njia pekee iliyobaki ni kurudi katika mtihani. Katika matoleo ya Windows yanayouzwa kwa taasisi kubwa kipo pia kichujio cha vibonye kilicho sehemu ya mfumo wenyewe, ambacho kinaweza kuvizuia hata hivyo vitatu; nacho, kwa hekima, kimeachiwa tundu la msimamizi: kibonye cha kushoto cha Windows kikibonywa mara 5 mfululizo, skrini ya kuingilia hurudi.

Dirisha lenye zamu

Hata kama michanganyo yote ingezuiwa, bado lingebaki suala la madirisha, ambalo kwa kweli huwasumbua waaminifu kuliko wadanganyifu. Kati ya madirisha yote yaliyo katika skrini, moja tu hupokea vibonye kwa wakati mmoja. Hilo huitwa dirisha amilifu. Mtahiniwa anaandika insha, macho yake yako katika kibodi, na ghafla dirisha la programu nyingine linachomoza likisema kwamba masahihisho ya mfumo yako tayari, je, kompyuta iwashwe upya? Kabla hajainua macho amekwisha bonya nafasi kati ya maneno mawili, na kwa dirisha lile nafasi ina maana ya “ndiyo”. Insha imekwenda.

Uporaji wa zamu ulikuwa kero ya kila siku hadi Windows 98 na Windows 2000 zilipoweka sheria. Programu iliyo nyuma haiwezi tena kujisukuma mbele wakati mtumiaji anafanya kazi katika nyingine. Kwa kawaida sharti zipite milisekunde 200,000, ambazo ni sekunde 200, bila mtumiaji kugusa kitu. Ikijaribu mapema, kitufe chake katika upau wa chini humetameta tu. Sheria hii ni nzuri, ila ina mianya iliyoachwa makusudi, mathalani kwa programu ambayo ndiyo kwanza imefunguliwa na ile iliyo mbele.

Hapa kuna mkanganyo unaowapata hata watungaji wa programu. Kuwa juu na kuwa na zamu ni mambo mawili mbalimbali. Dirisha linaweza kuagizwa likae juu ya mengine yote daima, likafunika skrini nzima, na bado vibonye vikaenda kwa dirisha lililofichika chini yake. Tena, programu mbili zikiagiza zote kukaa juu daima, mfumo hauwezi kuwaridhisha wote wawili. Programu inayojaribu kushinda kwa kujipandisha juu kila baada ya sehemu ya sekunde huishia kumetameta na kuchosha macho ya mtahiniwa, na hiyo ni dalili ya kazi iliyofanywa kwa pupa.

Suluhisho lililo safi zaidi ni kutofanya ugomvi kabisa. Windows huweza kuunda eneokazi jipya, tupu, lililojitenga na lile la kawaida, na kulielekeza kibodi na skrini. Madirisha ya eneokazi la zamani hubaki hai lakini hayaonekani, hayapokei vibonye, wala hayawezi kuchomoza katika hilo jipya, kwa sababu dirisha haliwezi kuvuka kutoka eneokazi moja hadi lingine. Skrini ya vibonye vitatu yenyewe hukaa katika eneokazi la namna hiyo, ndiyo sababu programu za kawaida haziwezi kuigusa. Safe Exam Browser inaweza kuagizwa kufanya kazi kwa mtindo huu.

Utengano huo, hata hivyo, haukukamilika. Maneno yaliyonakiliwa huhifadhiwa katika mahali pa muda ambapo panamilikiwa kwa ushirika na maeneokazi yote ya mtumiaji mmoja. Mtahiniwa aliyenakili kurasa tatu za majibu kabla ya mtihani kuanza angeweza kuzibandika ndani ya eneokazi jipya kana kwamba hakuna ukuta. Ndiyo maana programu ya mtihani haina budi kupafuta mahali hapo inapoanza.

Vibonye vya mwenye mkono mmoja

Mtu akibonya Shift mara 5 mfululizo, Windows humwuliza kama angependa vibonye vinavyonata. Huduma hii humwezesha mtu kubonya Ctrl, kuiachilia, kisha kubonya C, na mfumo ukavihesabu kuwa vimebonywa pamoja. Kwa wafungaji wa kompyuta imekuwa sumbuko la miaka mingi, kwa kuwa dirisha la swali hilo lina kiungo cha kwenda katika mipangilio ya mfumo, na kutoka hapo njia ni nyingi. Desturi ya mafundi wengi ni kuifuta huduma yote.

Ni desturi ya kizembe. Kwa mwanafunzi mwenye mkono mmoja, au mwenye vidole visivyomtii, vibonye vinavyonata ndivyo vinavyomwezesha kuandika herufi kubwa. Kuifuta huduma ni kumpa karatasi na kumnyima kalamu. Isitoshe, inawezekana kabisa kuzima ile njia ya kuiita kwa Shift, na wakati huo huo kuiacha huduma yenyewe ikiwa imewashwa tangu mwanzo kwa anayeihitaji. Hali ni ngumu zaidi kwa mtahiniwa asiyeona, ambaye hutegemea programu ya kusoma skrini kwa sauti. Programu hiyo nayo huweka ndoano katika kibodi, na ina michanganyo yake mingi. Ndoano mbili zikikutana, ile iliyowekwa mwisho ndiyo inayoulizwa kwanza, na inaweza kummeza mwenzake chakula chote. Mambo haya hayasuluhishwi asubuhi ya mtihani. Yanahitaji mashine ijaribiwe, siku kadhaa kabla, na mwanafunzi mwenyewe akiwa ameketi mbele yake.

Nje ya uwezo wa programu

Hakuna ndoano inayozuia kitufe cha umeme kilicho ubavuni mwa kompyuta, wala simu iliyo mfukoni. Pia kompyuta nzima inaweza kuigizwa ndani ya kompyuta nyingine: mtihani ukafungwa barabara ndani ya mashine ya kuigiza, huku mashine halisi ikiwa huru. Programu za mtihani hujaribu kuutambua uigizaji huo kwa kuchunguza majina ya vifaa, na huweza kukosea. Kwa sababu hiyo mitihani yenye uzito hufanyika katika kompyuta za taasisi, msimamizi akiwa ukumbini, na majibu yakipelekwa kila mara kwenye kompyuta kuu ili umeme ukikatika yasipotee.

Jaribio

Wanafunzi wanaweza kulishuhudia jambo moja kati ya haya bila kuidhuru kompyuta. Fungua programu yoyote ya kuandikia, kisha fungua kibodi ya skrini, ile inayochorwa katika kioo na kubonywa kwa kipanya. Bonya herufi chache juu yake. Kibodi hiyo ni dirisha, nayo iko juu ya madirisha yote; hata hivyo herufi huandikwa katika programu iliyo chini, na kistari kinachopepesa hakiondoki humo. Dirisha hilo limeagizwa kukaa juu daima na kutopokea zamu kamwe, hata likibonywa. Sasa bofya jina la programu ya kuandikia, bonya Ctrl, Alt na Del katika kibodi halisi, na uangalie kama kuna dirisha lolote la eneokazi la kawaida lililobaki katika skrini inayotokea.